Jaketi Lililoelea Peke Yake: Kuchagua na Kufunga Boya Ziwa Tanganyika

Jioni moja ya kiangazi, pale Ujiji, nilimshusha binti yangu majini mahali ambapo maji yalinifika kiunoni. Alikuwa na miaka 6 na kilo 19. Alikuwa amevaa jaketi okozi la rangi ya machungwa, saizi ya mtu mzima, la aina ile ile aliyovalishwa wiki iliyotangulia tuliposafiri kwa boti kwenda Mwamgongo. Nililiazima makusudi, kwa sababu njia nzima nilikuwa nikilitazama lilivyompwaya na moyo ulikataa kutulia. Nikamwambia akunje magoti aliachie.

Jaketi likabaki juu, mtoto akashuka. Mabega ya jaketi yalimpita masikioni, kola ikamziba pua, na kabla sijamdaka alikuwa ameshameza maji. Jaketi lilikuwa zima, halikuchanika wala kuvuja. Lilielea vizuri sana. Aliyekuwa haelei ni yeye.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili, tukipanda boti pale mwalo wa Kibirizi, huwa tunauliza kama maboya yapo. Nahodha anaonyesha rundo, tunaridhika, safari inaanza. Lakini mtu huokolewa na boya lililoshikana na mwili wake, lenye nguvu inayolingana na maji anayopita, na alilolivaa kabla mambo hayajaharibika. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda sasa, nikasoma viwango vinavyotumika duniani na kupima vifaa vyetu wenyewe majini, na nataka nilieleze taratibu kwa sababu lina mafundo mengi kuliko linavyoonekana.

Namba iliyo ndani ya jaketi

Jaketi lililotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 huwa na lebo yenye namba moja kubwa: 50, 100, 150 au 275. Wengi hudhani ni kilo, kwamba jaketi la 100 ni la mtu wa kilo 100. Namba hiyo ni newtoni, yaani nguvu ambayo jaketi linasukuma kwenda juu.

Newtoni haina haja ya kutusumbua, kwa sababu Kigoma kila nyumba ina kipimo chake. Chukua dumu la mawese la lita 10 lililokwisha, lifunge kifuniko, kisha lizamishe kwa mikono. Nguvu inayokurudisha juu ni karibu newtoni 100. Dumu la lita 5 ni karibu newtoni 50. Kwa hiyo anayevaa jaketi la 150 ni kama amejifunga dumu tupu la lita 15, ila limesambazwa kifuani na shingoni.

Hapo ndipo mtu wa kilo 85 anapouliza: dumu la lita 10 litanibebaje mimi? Litakubeba kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo tayari imebebwa na maji. Mwili wa binadamu unakaribiana sana na maji kwa uzito. Aliyezama hadi kidevuni karibu hana uzito tena. Kinachobaki kutafutiwa msaada ni kichwa, ambacho kina kilo 4 au 5 na tunataka kikae nje. Mtu mzima wa kawaida anahitaji nyongeza ya kilo 3 hadi 5 hivi, sawa na newtoni 30 hadi 50. Mtu mnene mara nyingi huhitaji pungufu ya hapo kwa sababu mafuta huelea, na mtu mkavu mwenye misuli, kama walivyo wavuvi wengi wa dagaa, huhitaji zaidi. Wengi hulichukulia jambo hili kinyume, wakampa jaketi dogo yule mwembamba.

Kwa mtoto kuna kitu kingine cha kuangalia. Jaketi la mtoto lenye alama ya 100 halina newtoni 100 kamili. Namba hiyo inataja daraja la ulinzi, na nguvu halisi hupunguzwa kulingana na kilo za mvaaji. Ndiyo maana chini ya namba huandikwa uzito wa mvaaji, na kwa mtoto maandishi hayo madogo ndiyo ya kusomwa kwanza.

Kama newtoni 50 zinatosha, 150 ni za nini?

Jibu lilitafutwa kwa ujasiri mkubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani wa Uingereza walikuwa wakiangukia baharini, wakikutwa wamekufa huku majaketi yao yakielea. Daktari mmoja wa usingizi, Edgar Pask, aliona kwamba kupima majaketi kwa watu walio macho hakufundishi lolote, kwa kuwa mtu aliye macho hujigeuza mwenyewe. Akakubali kupigwa dawa ya usingizi, akawekewa mpira wa kupumulia kooni, akatumbukizwa katika bwawa akiwa hajitambui, tena na tena, huku wenzake wakiandika jinsi kila jaketi lilivyomlaza: uso juu au uso chini.

Kuelea na kupumua ni vitu viwili. Kipande cha mti kinaelea, na maiti pia huelea. Aliyegongwa na ukingo wa boti, au aliyekaa majini saa nyingi hadi mwili umelegea, hana nguvu ya kuinua shingo. Jaketi linalomfaa ni lile linalomgeuza chali na kuweka mdomo juu ya maji bila yeye kufanya chochote. Kwa majaketi ya meli, kanuni za kimataifa zinataka mtu aliyelala kifudifudi ageuzwe haraka, na mdomo uinuliwe vya kutosha juu ya maji. Kazi hiyo inataka nguvu zaidi, na inataka nguvu hiyo ikae kifuani na nyuma ya shingo. Ndiyo maana dumu, ambalo limeokoa wengi ziwani na silidharau, haliwezi kuchukua nafasi ya jaketi: mikono ikichoka, dumu linaondoka.

Na mikono huchoka. Maji ya juu ya Tanganyika ni ya nyuzi 24 hadi 28 hivi, na tunayaita ya vuguvugu kwa sababu tunaoga kwa dakika 10. Lakini mwili una nyuzi 37, na maji hunyonya joto haraka sana kuliko hewa. Usiku mzima ndani yake vidole vinakataa kukunja.

Jaketi la 50, basi, ni la mtu anayejua kuogelea, aliye macho, na mwenye msaada wa karibu. Haliahidi kumgeuza mtu. Linamfaa kijana anayepiga kasia kandokando ya ufuo wa Katonga akionekana na wenzake. La 100 linamfaa anayesubiri kuokolewa kwenye maji yaliyotulia. La 150 ni la maji ya wazi yenye mawimbi, na la mtu aliyevaa koti la mvua. Koti la mvua linahusu sana wavuvi wa usiku: ukitumbukia nalo, hewa inanasa mgongoni na kutengeneza puto linalokulaza kifudifudi. Jaketi la 100 linaweza kushindwa kulipindua puto hilo. La 275 ni la wanaofanya kazi baharini na mavazi mazito na zana mwilini, sisi tuliache.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa na urefu wa kilomita zaidi ya 600, na upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi unapata nafasi ndefu ya kuyakusanya mawimbi. Haya si maji yaliyotulia. Kwa abiria anayevuka kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo hadi Kagunga, mimi nasema 150. Kwa mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha najibu kwa namna nyingine. Jaketi nene la 150 litamkera mabegani, atalivua, atalitundika mlingotini. La 100 lililo jembamba kwapani, analoweza kufanya kazi nalo hadi alfajiri, lina thamani kubwa kuliko la 150 lililotundikwa. Utendaji na usalama havigombani hapa. Jaketi lisilomruhusu mtu kufanya kazi yake halitakuwa mwilini saa anapoanguka, na hakuna anayeanguka kwa miadi.

Mwaka 1861, katika mji wa Whitby nchini Uingereza, boti la waokoaji lilipinduka likiwa na watu 13 waliokuwa wakitoka mara kwa mara siku hiyo kuokoa mabaharia. Wakafa 12. Aliyesalia, Henry Freeman, ndiye aliyekuwa amevaa jaketi la magome ya mti aina ya koki, kifaa kipya wakati huo.

Mkanda wa miguuni

Turudi kwa binti yangu. Kwa nini jaketi zima lenye nguvu nyingi lilimwacha? Kwa sababu nguvu ile inasukuma jaketi, na jaketi ndilo linalomsukuma mtu, pale tu linapomkamata. Kama halijamkamata, linapanda peke yake. Na kadiri lilivyo na nguvu, ndivyo linavyopanda kwa kasi. Kumvika mtoto jaketi kubwa ili "awe salama zaidi" ni kuongeza nguvu ya jaketi kumtoka mwilini.

Kipimo cha nchi kavu ni rahisi. Funga zipu na bizimu zote, vuta mikanda ya pembeni hadi kiganja kimoja tu kipite kati ya jaketi na kifua, kisha mwambie mvaaji anyooshe mikono juu. Simama nyuma yake, shika mabega ya jaketi, vuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, au kidevu kikazama ndani ya kola, hilo si lake. Likipanda vidole viwili vitatu na kukwama, linafaa. Halafu, kama mnaweza, fanyeni majini penye kina kifupi, kwa sababu nchi kavu mvutano wa nguo hudanganya.

Kitu kinachozuia jaketi kupanda ni mkanda unaopita katikati ya miguu, kutoka mgongoni hadi mbele. Katika majaketi niliyoyashika, huo ndio mkanda unaokatwa kwanza. Wengine huukata kwa sababu unasumbua wakati wa kwenda haja, akina mama hawaupendi kwa sababu ya kanga na sketi, na vijana huona aibu. Nawaelewa wote. Lakini kwa mtoto mkanda huo hauna mbadala: mwili wake hauna mabega wala makalio ya kulizuia jaketi, na kichwa chake ni kizito kulinganisha na kiwiliwili. Mama anaweza kuupitisha mkanda wake juu ya kitenge kilichofungwa kama suruali. Nimewaona wanaofanya hivyo na hawajapungukiwa heshima yoyote.

Na mtoto mchanga wa mgongoni? Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mama akivaa jaketi na mtoto amefungwa kwa kanga mgongoni, jaketi litamlaza mama chali, kama lilivyotengenezwa kufanya, na mtoto atakuwa chini yake, ndani ya maji. Mtoto ahamie kifuani, asifungwe kwa fundo lisilofunguka kwa mkono mmoja, na avae jaketi lake mwenyewe. Yapo ya watoto wa chini ya kilo 15, yenye kola kubwa na kishikio nyuma ya shingo cha kumnyanyulia. Mwenye boti asiye nayo ana pengo la kweli katika vifaa vyake. Kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini nchini ni ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na abiria ana haki ya kuuliza.

Kilichomo ndani

Zamani majaketi yalijazwa sufi, ile ile ya magodoro na mito ya bibi zetu. Nyuzi za sufi zina nta ya asili, maji hayaziingii upesi, na zikiwa kavu hubeba uzito mkubwa sana. Zikikandamizwa kwa kukaliwa, au zikilowa mafuta ya injini, huchoka. Siku hizi ndani kuna sponji, na hapo ndipo pa kuwa macho, kwa maana sponji ni mbili. Ya godoro ina vitundu vilivyofunguka: ukiikamua ndani ya maji na kuiachia, inakunywa. Ya soli ya ndala ina vitundu vilivyofungwa kila kimoja peke yake, ndiyo maana ndala iliyopotea ufukweni huonekana imeelea hata baada ya mwezi. Jaketi halali lina sponji ya aina ya ndala. La bandia linaweza kuwa na sponji ya godoro, au vipande vya maboksi ya televisheni, na dukani yote mawili yanapendeza sawasawa.

Yanapambanuliwa na maji. Chukua mawe ya mizani ya chuma, la kilo 10 na la kilo 1, yafunge kwa kamba chini ya jaketi la saizi kubwa ya mtu mzima lenye alama ya 100, uliweke majini asubuhi. Chuma kikiwa majini hupungua uzito, hivyo kilo 11 zitavuta kama kilo 9 na nusu. Jaketi zuri litazibeba, na kesho yake asubuhi litakuwa bado linazibeba, kwa sababu kiwango cha majaketi ya meli hakiruhusu lipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu baada ya saa 24 ndani ya maji yasiyo na chumvi. Usitumie jiwe la kawaida la kilo 11, kwa kuwa jiwe hupungua sana zaidi: utahitaji la kilo 15 na ushee kupata mvuto huo huo. Fundi mmoja wa boti alipima manne kwa njia hii mbele yangu. Mawili yalikuwa chini ya maji kabla ya adhuhuri.

Kuna majaketi ya kujijaza hewa, membamba kama mkanda wa shingoni, yenye mtungi mdogo wa gesi na kidonge kinachoyeyuka kikilowa. Mepesi, hayachoshi, na wanaoyatunza huyasifu. Kwa mazingira yetu siyashauri. Boti la mbao lina maji miguuni muda wote, kidonge kitalowa. Mtungi ukishatumika mara moja unahitaji mwingine wa uzito ule ule, na wa kubadilisha hupati mwaloni. Sponji haina cha kubadilishwa.

Chini ya turubai

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Boti lenye turubai au paa likipinduka, aliye ndani na jaketi la sponji anasukumwa juu, kwenye sakafu iliyogeuka kuwa dari. Huko huenda kukawa na hewa. Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka Ziwa Victoria na kuua watu zaidi ya 200, fundi wake mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye kutoka nafasi ya hewa iliyobaki ndani. Lakini ili kutoka ni lazima kupiga mbizi chini ya ukingo, na jaketi hilo hilo linakataa uzame.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo ni afadhali kutokuvaa. Siwaungi mkono. Wengi wanaoanguka kwenye maboti yetu huanguka nje, wakati wa kupanda, kushuka, wimbi la ghafla au kugongana usiku. Ninachofanya mimi ni kukaa ukingoni, sikai katikati chini ya turubai, na watoto nawakalisha upande wa wazi. Tukipanda nakagua kamba za turubai: zilizofungwa kwa fundo la kuvuta zinafunguka kwa mkono mmoja, zilizokazwa kwa waya hazifunguki. Nikiona waya naomba ufunguliwe, kwa adabu, kabla hatujaondoka. Mara nyingi nahodha hukubali. Mara mbili nimeteremka.

Kuhusu matunzo sina mengi. Jaketi lisikaliwe, hata kama ubao wa boti unaumiza, maana sponji iliyobanwa miezi hairudi ilivyokuwa. Lisilazwe penye petroli. Likauke kivulini, lisifungiwe stoo likiwa na unyevu, na filimbi yake isiazimwe. Mkanda wa miguuni ukiwa umekatwa, mpelekee fundi cherehani na utepe mgumu kama wa begi la shule, aushone kwa uzi wa nailoni kwenye pindo la chini, mishono ya kurudia, bila kuitoboa sponji. La binti yangu, lenye alama ya kilo 15 hadi 20, lilishonwa hivyo, na kilo zake nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kola. Juzi kwenye mizani alifika 21.